Posa Hungoja, Kiharusi Hakingoji

Siku waliyokuja kuniposa naikumbuka kuliko siku ya harusi yenyewe, mwanangu, na si kwa sababu ya furaha. Keti nikueleze, maana juzi baada ya ibada nilikusikia ukisimulia jinsi kaka yako alivyovumilia kifua kumbana hadi Jumatatu ili asiharibu ubatizo wa mtoto. Ulikuwa unamsifu. Namshukuru Mungu amepona, lakini mimi nilikasirika hata nikaacha chai yangu mezani, na hasira hiyo bado ninayo.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nikiishi huku Uswidi, mtaa wa Rågsved, kwa shangazi yangu Yusta, aliyenileta kutoka Kigoma na kunilea. Shangazi alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa adabu kupita kiasi. Kwake, mtoto aliyempa mtu mzima kitu kwa mkono wa kushoto alirudishwa mlangoni aanze upya. Mimi mwenyewe nilirudishwa sana, tena mbele za watu.

Mchumba wangu, Deo, alikuwa Mrundi, mpakia mizigo wa uwanja wa ndege, akikaa Märsta, karibu na huo uwanja. Wazee wake walikuja Jumapili mchana kwa treni, wakiongozwa na bibi yake, Bibi Ansila, mama mfupi mwenye sauti nzito. Nawe unaijua posa ya Warundi, haina haraka. Kwanza inazungumzwa theluji, kisha treni, kisha ng'ombe ambao hakuna aliyewaona, na mwenyeji naye anajifanya hajui wageni wamefuata nini. Shangazi alikuwa amepika tangu jana yake, na uso wake siku hiyo ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona.

Alipoanza kugawa chai, alimpa Bibi Ansila kikombe kwa mkono wa kushoto.

Wageni wakatazama zulia, na mjomba wa Deo akakohoa kidogo. Waliona utovu wa adabu, na kwa adabu yao wakaufunika. Mimi niliyesimama kwenye mlango wa jikoni niliona zaidi yao: mkono wa kulia wa Shangazi ulining'inia kando ya gauni, na pembe moja ya mdomo ilikuwa imelegea. Akaja jikoni, nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Shangazi, mkono una nini?"

"Umekufa ganzi tu, nimebeba masufuria. Usiniaibishe mbele ya wakwe zako. Peleka sukari."

Nikapeleka sukari. Mwanangu, hilo linaniuma mpaka leo. Nilijua kuna jambo, lakini niliogopa watasema nyumba hii ina magonjwa, wakachukue binti kwingine. Nikajiambia kesho tutakwenda kituo cha afya. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami pale nilikuwa namsaidia kuficha.

Akarudi sebuleni na maandazi, sahani ikamteleza. "Ingen fara," akasema kwa Kiswidi, yaani hakuna neno, lakini sauti ilitoka nzito kama ya mtu mwenye chakula mdomoni. Deo akataka kuinuka, mjomba wake akamvuta koti akae, maana mwenye kuposa hainuki kabla ya wazee. Hapo Bibi Ansila akaweka kikombe chini.

"Mama, cheka nione meno yako," akamwambia Shangazi.

Watu wakaduwaa. Shangazi hakuzoea kumkatalia mgeni, akajaribu kucheka, na uso ukacheka upande mmoja.

"Sasa inua mikono yote mbili."

Mmoja ukapanda. Wa kulia ukabaki pale pale.

"Deo, piga simu ya ambulansi, sasa hivi. Ninyi wengine muvae makoti, mushuke muwaonyeshe mlango. Sisi tulikuja kuomba binti. Hatukuja kungoja mama yake afe tukinywa chai."

Mjomba akasema pengine tumlaze kwanza, tumwombee, kwani kuvunja posa katikati ni mkosi. "Utaomba ukishuka ngazi," bibi akamjibu, kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, uliona?"

"Niliona, Bibi."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu chai ya kwanza."

"Basi ndivyo utamwambia daktari, bila kupunguza. Kuona haya, utaona kesho."

Na kweli, watu wa ambulansi walipofika swali lao la mwanzo lilikuwa hilo: imeanza lini? Pale hospitalini Flemingsberg daktari akaniuliza tena. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kichwani, lakini ina muda wake, na muda ukipita haitolewi tena. Nikasema ukweli mbele ya wakwe zangu wote. Tulikuwa bado hatujachelewa, kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyekubali kuonekana mkorofi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwetu ilikuwa hivyo hasa.

Shangazi alipona. Maneno yalirudi polepole, ingawa vidole havikurudi vyote, na mimi najua ni chai ngapi zilipita kabla sijafumbua mdomo. Posa ikamalizwa baadaye, na hakuna aliyekuja kuniambia nyumba yetu ina magonjwa. Siku moja Shangazi akiwa amekaa kitandani aliniambia, "Ungenitii mimi, ungenizika kwa heshima kabisa." Alicheka. Mimi nililia.

Basi sikia. Mafua, goti linalouma tangu mwaka jana, kikohozi cha mtoto anayecheza na kula, hayo ni ya kituo cha afya cha mtaani. Kama huna uhakika, ipo simu ya ushauri, wauguzi wanapokea mchana na usiku. Ukienda na mafua yako idara ya dharura utaketi mpaka makalio yafe ganzi, na ni haki yao, kuna aliye hoi kuliko wewe. Lakini kifua kikibana, pumzi ikikatika, uso ukilegea, mkono au mguu ukikataa ghafla, maneno yakivurugika, damu isipokata, mtoto akilegea usiweze kumwamsha vizuri, hapo hakuna kesho. Usingoje treni wala mwenye gari. Piga simu ya dharura, utazame saa, ukumbuke ilianza lini. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Wala usingoje ruhusa ya mgonjwa. Watu wetu watasema hakuna neno hata roho iko kooni, hasa kukiwa na wageni. Na ukifika ukaambiwa si kitu, rudi nyumbani, sema asante urudi bila kinyongo. Ikitokea tena, piga tena. Kaka yako mwambie hivyo hivyo, na kama hataki kusikia, mlete kwangu.

Mungu akupe macho ya kuona na mdomo usioona haya. Ailinde nyumba yako, na awape wagonjwa wako umri mrefu wa kukulaumu kwamba uliwaaibisha mbele ya wageni. Amina.