Mkia Bado Uko Konani

Kisii hatuna reli. Tuna ndizi, chai, mvua ya kila alasiri na watu wanaojua kubishana, lakini reli ilitupita mbali, na anayetaka kuona treni ateremke mpaka Kisumu. Kwa hiyo baba yangu, mzee Machogu, alipostaafu udereva wa treni na kurudi Magwagwa, alikuwa mtu asiye na pa kuonyesha kazi yake. Fundi wa matofali ana ukuta wa kukuonyesha. Baba alikuwa na maneno tu.

Na mama hakuyaamini. Mama yangu, Bitutu, alibaki shambani miaka yote ile kama wake wengi wa watu wa reli, kwa sababu majani ya chai hayamngojei mtu, na babu hakutaka wajukuu wake walelewe kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba alikuja Krismasi, alikuja likizo, akaondoka.

"Ulioa treni," mama alikuwa akimwambia. "Mimi uliniachia jembe."

Baba alikuwa na jibu moja tu. Kwamba kuna kona, kwenye mteremko wa kuelekea Muhoroni, ambapo milima ya kwetu hujitokeza upande wa kushoto, na kila alipofika hapo alitutazama.

"Mtu wa mbioni anatazama nini?" mama angesema. "Asiyekuwepo na lake halipo." Kisha angechukua ndoo kwenda kukama. Baba alibaki amekaa palepale na kikombe chake, na neno lile lilikuwa linamuuma, asikudanganye mtu.

Mwaka wa tisini na nane mimi, binti yao Joyline, nilikuwa nikipiga chapa kwenye duka la Ishwar, muuza vitabu na karatasi mjini Kisii. Ndugu yake aliyeko Uingereza alimletea mchezo wa kompyuta: unakaa mahali pa dereva, reli inakujia kwenye skrini, nawe unaongeza mwendo na kushika breki kwa vidole. Siku baba aliponiletea ndizi, alimkuta Ishwar mbele ya skrini, safarini. Kona ikaja. Ishwar akaiingia kwa mwendo wa kilomita mia na ishirini.

Baba akaangusha ndizi, akashika kaunta kwa mikono miwili.

"Punguza! Utaua watu, wewe!"

Wateja walicheka mpaka wakajishika mbavu. Treni ilikuwa imepita kona kama maji ya mfereji, bila hata kutikisika.

"Hii haiangukangi, mzee," Ishwar alisema, akimwachia kiti. "Kuja, shika wewe."

Baba akashika. Breki ya treni hushikwa kabla ya kona, si ndani yake. Ukichelewa magurudumu hulia, chai ya abiria humwagika, na siku mbaya behewa hulala ubavu. Tena, hata injini ikishatoka konani, huongezi mwendo mpaka behewa la mwisho nalo litoke. Hilo la mwisho watu wa reli huliita mkia. Mchezo wa Ishwar haukujua mkia ni nini. Ulijua saa tu, na kila safari ulimwandikia baba kwa herufi nyekundu kwamba amechelewa.

Alirudi kila siku ya soko, na kila siku ya soko alichelewa.

"Mzee, abiria yako imefika na miguu," Ishwar alimtania.

Baba alicheka naye, lakini hakubadilisha mwendo. Mimi, huku nikipiga chapa barua za watu, niliona jambo ambalo Ishwar hakuliona. Kila kona, baba aligeuza shingo kushoto. Kushoto hapakuwa na kitu ila ukuta wa duka na rafu ya madaftari. Roho iliniuma sana. Mtu amerudi kwao, analala kwao, na bado anapatamani kwao.

"Tata," nilimwambia baba siku moja, "mlete mama."

Mama alikuja na kitambaa chake cha kanisani, amenuna. Ishwar, kwa kutaka kumfurahisha mgeni, akawahi kiti na kuendesha yeye. Kona ikaja na kupita kabla mama hajaweka mkoba chini.

Mama akamgeukia baba. "Ndiyo hiyo? Huko ndiko kututazama?"

Hakuwa na hasira. Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka, na heri angefoka.

Baba akamwomba Ishwar kiti, akamvutia mama stuli karibu yake. Akaanza safari upya. Mbali kabla ya kona akashika breki: sitini, hamsini, mpaka thelathini. Kona ikaanza kufunguka taratibu, na vilima vya Wazungu vikasogea kwenye skrini.

"Sasa usitazame hapa," akamwambia. "Tazama kushoto."

Mama akageuka, akatazama ukuta.

"Ule mlima mrefu ni Manga. Teremsha macho, kuna ukungu. Sisi tuko nyuma ya ukungu. Wewe uko kwenye chai na kikapu mgongoni, Joyline analia kwenye mtaro na huna wa kumwachia. Na unaimba ili anyamaze. Nilikuwa nakuona hivyo, ng'ina Joyline, kila safari, mpaka mkia utoke."

Mikono yangu ilikuwa imesimama juu ya mashine. Hata Ishwar, ambaye hakuelewa neno la Kikisii walichokuwa wakisema, alizima redio.

Injini ikatoka konani na reli ikanyooka. Zile herufi nyekundu zikajitokeza kumkumbusha baba saa. Akanyoosha mkono aongeze mwendo.

Mama akaushika mkono ule, macho yake yakiwa bado ukutani.

"Ngoja," akasema. "Mkia haujatoka."