Macho Meusi ya Mama wa Kasenga

Waporaji walipovunja kanisa dogo la Kasenga, mtaa wa Uvira, hawakupata vingi vya kubeba. Walichukua viti, ngoma na taa. Mmoja wao, asiyejua kutofautisha kioo na almasi, akachokoa macho ya sanamu ya Bikira Maria kwa ncha ya kisu, akaenda nayo. Yalikuwa macho ya bluu, yaliyoletwa zamani na mapadri. Mama akabaki na mashimo mawili, na watoto wakawa wanalia kila wakiingizwa kanisani.

Hayo yalikuwa mambo ya vita, mwaka ule volkano ilipomwagika Goma. Sikukuu ya Mama kupalizwa mbinguni ilikuwa inakaribia, na maandamano yalikuwa yameruhusiwa tena. Mama Generose, mkubwa wa wakristo wa mtaa, akasema kwa uchungu kwamba sanamu ifungiwe kabatini, wabebe picha ya karatasi.

Basile, fundi wa baiskeli, hakuwa mtu wa kusema mkutanoni. Siku ile aliinuka.

"Wamemunyang'anya macho, halafu siye tumufunge? Minye nitamupatia macho."

"Utayatoa wapi, papa Basile?" mtu mmoja akauliza. "Mu baiskeli?"

Watu wakacheka. Mama Generose hakucheka. "Sawa," akasema. "Sikukuu ikifika na hana macho, anabaki mu kabati. Na weye usiniongeleshe tena."

Basile hakuwa ametupa maneno hewani. Nyumbani kwake alikuwa amekimbilia dada yake Claudette, aliyetoka Goma baada ya moto wa mlima kuzika nyumba yake mpaka bati. Wenzake walitoroka na magodoro. Yeye alingoja ule uji wa moto upoe, akarudi, akavunja vipande juu ya mahali palipokuwa jiko lake: mawe meusi, yenye kung'aa kama chupa iliyopasuka. Akafika Uvira nayo ndani ya kikapu. Walipomuuliza sababu, alijibu, "Hii njo nyumba yangu. Ningeiachia nani?"

Basile alimwomba mawe hayo akiwa anasonga ugali. Claudette aligeuza mwiko kwanza, mara mbili tatu.

"Utayaharibu?"

"Nitayasugua tu, mpaka yawe mviringo."

"Chukua. Lakini nitakuwa naangalia."

Nyuma ya nyumba kulipita mfereji wa maji kutoka mtoni. Basile akatega hapo gurudumu la baiskeli lenye vipande vya bati, maji yalisukume. Gurudumu likazungusha kopo kubwa la maziwa ya unga, ambalo ndani alikuwa amelivika mpira wa tairi. Katika kopo alitia mawe, mchanga wa ziwa na maji, akafunga kifuniko. Kazi ya kopo ni kuviringika tu bila kuchoka, ili mchanga umalize makali ya jiwe, kama vile ziwa linavyofanya kokoto za ufukoni, ila ziwa halina haraka.

Krrr, krrr, mchana kutwa. Jirani yake Ezechiel, Mprotestanti wa milima ya juu aliyekuwa akiuza maziwa, alisimama kwenye ua.

"Basile, mawe haijaiva? Nilete chumvi?"

"Ngoja kwanza mchuzi ukauke."

"Siye tunasali bila macho ya kioo, na Mungu anasikia."

"Njo maana munasali mumefunga macho."

Ezechiel akaenda zake akicheka, maziwa yakitikisika.

Lakini kopo lilipofunguliwa, Basile hakuwa na utani tena. Mawe yalikuwa yamepoteza ncha, kweli, ila kila moja lilikuwa limemeguka pembeni, kama kucha iliyong'atwa. Mawe yale yalikuwa kioo cha mlima, na kioo hakisamehe kioo. Kilipogongana na mwenzake kilipasuka. Nusu ya kikapu ilikuwa imekwisha, na sikukuu haikuwa mbali.

Claudette aliokota moja, akalitazama sana. Basile alingoja matusi.

"Wale wanawake wanaoleta mayai kutoka bondeni," akasema, "barabara ile yote ya mashimo, mayai yao haipasuke. Wanayalalisha mu nini?"

"Mu pumba za mpunga."

"Sasa weye mawe yangu umeyalalisha mu nini?"

Asubuhi Basile alipanda baiskeli kwenda bonde la Ruzizi. Wakulima wa kule wakamjazia gunia bure, wakistaajabu. Kurudi, kwenye kizuizi cha askari, watu walikuwa wanapunguziwa mchele wao. Askari akachoma gunia lake kwa fimbo, akachoma tena.

"Mchele iko wapi?"

"Hakuna, chef. Ni pumba tu."

"Watu wanatafuta mchele, weye unatafuta nguo yake?" Akamwita mwenzake aje aone mwendawazimu. Walicheka mpaka wakasahau kumwomba kitu, na Basile akakanyaga pedali kabla kicheko hakijakwisha.

Sasa, yakiwa yamelazwa ndani ya pumba, mawe yaliviringika kwa sauti ya chini, kama mtu anayekoroma amefunikwa blanketi. Baada ya mchanga wa kawaida ukaja uliochekechwa kwa kitambaa, na mwisho majivu ya pumba zenyewe, laini kama poda. Kila mara Claudette aliyaosha mwenyewe, chembe moja ya mchanga isibaki ikakwaruza.

Kopo lilipofunguliwa mara ya mwisho, waliyamwaga kwenye mkeka, na Basile akaona sura yake ndani ya jiwe. Mengine yalikuwa kama maharagwe, mengine kama meno ya mbuzi, maana kopo halipokei amri. Claudette aliyachambua polepole, akatenga mawili. Akayaweka kwenye kiganja. Hata ndugu hawafanani vile.

Mkesha wa sikukuu wakayabandika kwa ulimbo, Mama Generose amesimama nyuma yao na mikono kifuani. Basile akasogea pembeni. Mama Generose akakaribia, akainama huku, akainama kule.

"Yale ya zamani yalikuwa yanaangalia Ulaya," akasema mwishowe. "Hii iko inaniangalia minye."

Kesho yake Mama Maria alitoka juu ya mabega ya watu, barabara ikajaa nyimbo mpaka ziwani. Jua lilipiga yale macho, yakawaka. Watoto waliokuwa wakimwogopa walikimbia mbele yake wakirudi kinyumenyume, kila mmoja akidai yeye ndiye anayetazamwa. Claudette alitembea karibu kabisa, kichwa juu, akiwaambia wanawake asiowajua, "Ile ni nyumba yangu. Iko inaona ziwa."

Basile alikuwa amepewa kubeba mti wa mbele wa machela ya sanamu. Bega lilimwaka moto, vijana wakaja zamu kwa zamu kutaka kumpokea. Hakumpa mtu.