Nestori na Ile Siku ya Dar

Bado sielewi. Jana asubuhi nimempigia Nestori simu kwa mazoea tu, ikaita. Akapokea mkewe. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba Jumamosi tumemzika, na udongo nilitupa kwa mkono huu huu.

Wengi hapa mnanijua mimi. Operator wa roller, site ya barabara ya Kasulu kwenda Kibondo, mtu aliyeila Dar nzima kwa siku moja. Nestori hamumjui.

Nestori ndiye yule wa kushika bendera. Nyekundu simama, kijani pita. Jua lote lake, vumbi lote lake, na hakuwahi kumtukana dereva hata mmoja. Kazi ile bila matusi, jamani! Mimi ningeshafungwa.

Ukimwambia "mwakeye" asubuhi, anaitikia kwa sauti mpaka wanaopanga mawe kule mbele nao wanaitikia.

Jioni tukitoka kazini, pombe ya ndizi, glasi moja watu wawili. Kwetu anayenunua anaonja kwanza, mwenzake aone kwamba haina kitu kibaya, halafu ananyoosha mkono anampa. Hata kumwangalia humwangalii. Unajua yupo.

Mwaka juzi, 2013, pump ya roller ikafa. Foreman akaniita ndani ya kontena la ofisi: "Nenda Dar ukachukue nyingine. Chagua mtu mmoja mfuatane, kile kitu ni kizito."

Kwenye kidirisha nikamwona Nestori nje na bendera yake. Alishasikia kuna safari. Mtu hajawahi kuvuka hata Tabora, na siku hiyo alikuwa amenyoa.

Nikasema: "Bosi, mimi natosha."

Kwa nini? Nilitaka niwe peke yangu niliyeiona Dar. Tukienda wawili, nikirudi nitamdanganya nani?

Nikatoka nikamwambia: "Bosi kakataa mtu wa pili." Akasema: "Ego," yaani ndiyo kwa Kiha, "si kosa lako. Utanisimulia."

Dar nikafika, dukani wakaniambia pump njoo uichukue saa kumi na moja jioni. Siku nzima yangu! Nikaanza Kariakoo, supu ya kongoro na chapati mbili, nikaongeza ya tatu kwa ajili ya heshima ya mkoa.

Nikala mihogo ya kukaanga yenye pilipili mpaka masikio yakaziba. Mchana nikawa Kinondoni, nusu kilo ya kitimoto na ndizi za kuchoma, mwenye nyama akaniuliza, "Kaka, unakula na nani?" Nikamjibu, "Na jina langu."

Magomeni nikanywa supu ya pweza. Mnyama ana mikono minane, nikaisalimia yote.

Halafu nikaingia baa moja, nikaagiza bia ya bomba. Baridi mpaka glasi inatoka jasho. Nikaonja.

Nikanyoosha mkono upande wa kulia. Sikuangalia.

Mkono ukabaki hewani na glasi yake. Dada wa kaunta akadhani namkaribisha, akasema, "Asante kaka, niko kazini." Meza ya pili wakacheka. Nikacheka na mimi, lakini bia ile sikuimaliza. Mimi! Kuacha bia mezani!

Pump nikaibeba mwenyewe, mgongo ukaniuma wiki mbili. Nilistahili.

Niliporudi nilimsimulia Nestori kila kitu. Mengine niliongeza, mnanijua. Ya glasi peke yake niliiruka. Akaniuliza: "Mzee wa Jiji, kwa hiyo hukunikumbuka hata kidogo?"

Nikamjibu: "Nani anaikumbuka Kasulu akiwa na kitimoto mbele?"

Alicheka sana. Akasema, "Basi rudia ya pweza." Miaka miwili ananiambia rudia ya pweza, na mimi narudia, na kila mara nasema moyoni leo namwambia ukweli. Nilikuwa nasubiri siku nzuri. Ikaja homa, siku nne tu.

Msibani kwao Mabamba, mkewe, Mama Furaha, akaniita pembeni. "Shemeji, marehemu alikuwa anapenda kutusimulia ile siku mliyoenda Dar."

Mliyoenda!

Akaendelea. "Alisema mlikunywa supu ya pweza, wewe ukaogopa, yeye ndiye aliyeanza. Halafu mkaingia baa. Ukaagiza bia moja, ukaonja, ukanyoosha mkono bila kumwangalia, ukampa. Watu wa Dar wakacheka sana."

Wallahi hiyo sikumwambia mtu. Nestori aliijua tu. Alijua mkono wangu kuliko mdomo wangu.

Nikashindwa. Nikamwambia ukweli wote: shemeji, hakwenda, na aliyemzuia si bosi, ni mimi. Nilidhani atanifukuza msibani.

Akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, akasema: "Shemeji, nilijua kwamba hakwenda. Angefika Dar angerudi bila kuniletea hata kanga moja? Lakini alivyokuwa anafurahi akisimulia, nani angemkatiza?" Halafu akaniambia niandike, watu wajue.

Ndiyo nimeandika. Jamani, kama kuna mtu anakusubiri nje na bendera yake, mwambie twende. Gari la Dar lina viti vingi.

Nestori kaka yangu, nilikunyima siku moja, wewe ukaichukua mwenyewe ukanirudishia nikiwa mtu mwema ndani yake. Sikustahili. Nisamehe.

Safari hii umetangulia peke yako, na hukuniaga kwa uongo kama mimi. Huko uliko onja wewe kwanza, halafu nyoosha mkono upande wa kushoto. Usiangalie. Nitakuwepo.

Lala salama, mshika bendera wangu.