Zukini Alizonipandia Marehemu Mume Wangu

Mume wangu Ottmar tulimzika Februari. Aprili akaanza kunipandia zukini.

Najua unavyoniwazia. Soma kwanza, kisha ndiyo unicheke.

Tuna kishamba cha kukodi pembezoni mwa mji wa Kassel, Ujerumani, chenye kibanda cha mbao na jirani mmoja mdomo mrefu, Traudel. Kwa miaka thelathini na moja zukini, vile viboga virefu kama matango, zilikuwa kazi ya Ottmar. Yangu ilikuwa kula.

Kila mwaka, katikati ya Aprili, alifukia mbegu kwenye vikopo, akavipanga dirishani ndani ya kibanda. Tarehe kumi na sita Mei alitoa miche nje. Si siku moja kabla. Kumi na tano ni siku ya Mtakatifu Sofia, tunayemwita Sofia wa Baridi, na huku kwetu hakuna mwenye akili anayetoa mche nje kabla Sofia hajapita. Baridi yake inagandisha kila kitu.

Ottmar alikufa hospitalini peke yake. Mimi nilikuwa nimeshuka chini kunywa kahawa. Dakika kumi tu. Tangu hapo sikuwa na usingizi wa maana, na nilichotaka duniani ni kimoja: anisamehe.

Basi mwisho wa Aprili nikaenda kibandani kuchukua viatu vya mvua.

Dirishani nikakuta vikopo vinane.

Kila kimoja na mche wake, majani mawili manene. Udongo ulikuwa umelowa maji ya siku ileile. Funguo za kibanda zote mbili ziko nyumbani kwangu.

Nikakaa sakafuni nikalia. Si kwa woga. Nilifurahi, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Nikamwambia Traudel. Yeye hucheka kila kitu, lakini siku hiyo hakucheka.

"Irmela, unakula vizuri lakini?"

"Nakula."

"Njoo kwangu Jumapili, basi. Nitapika."

Sikwenda.

Tarehe kumi Mei jua likawaka kama Julai. Watu wote wakapanda. Na mimi nikashindwa kuvumilia, nikavitoa vikopo nje ili nipande kesho yake.

Kesho yake nikavikuta vimerudi ndani, dirishani, vimepangwa kwa mstari kama alivyopenda yeye.

Nikasema, "Sawa mume wangu, nimesikia."

Siku mbili baadaye baridi ikashuka. Maharage ya Traudel yakawa meusi, nyanya za watu zikalala chini. Miche yangu ikabaki inanitazama kwenye kioo.

"Nani kakwambia usubiri?" Traudel akauliza.

"Ottmar."

Akaanza kuzungumzia bei ya mbolea.

Sofia alipopita nikaipanda, na Julai nikachuma zukini ya kwanza. Nikaikata vipande, nikaikaanga na kitunguu. Nikaweka sahani mbili mezani. Ndiyo, mbili.

Tonge la kwanza lilikuwa chungu kama shubiri. Ulimi ukafa ganzi.

Mtu mwingine angetema. Mimi nikajiambia: hii ndiyo adhabu ya ile kahawa. Nikimaliza, tumemalizana. Nikala yote, na ya sahani yake nikala.

Saa mbili baadaye nilikuwa chini nyuma ya kibanda, natapika damu. Traudel ndiye aliyenikuta akaita gari la wagonjwa.

Daktari aliposikia nilichokula akaniuliza, "Mbegu ulizipata wapi?"

"Alipanda mume wangu."

"Naweza kuongea naye?"

"Alikufa Februari."

Akaandika kitu, akafunga faili taratibu. Kisha akanieleza kwamba zukini ikikua karibu na yale maboga machungu ya mapambo, nyuki huchanganya chavua, na mbegu zake mwaka unaofuata huzaa zukini zenye sumu. Ndiyo maana Ottmar alinunua pakiti mpya kila mwaka. Maboga ya mapambo yalikuwa ya Traudel, yamejaa kwenye uzio wetu.

Traudel alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, anapindapinda mkoba wake.

"Hakupanda Ottmar," akasema.

"Nani, basi?"

"Wewe, mwenzangu. Nilikuona kwa juu ya uzio: mbegu ulizikamua mwenyewe kwenye ile zukini ya mwisho aliyoichuma mwaka jana akaiacha kibandani. Ulikuja asubuhi moja ya Aprili, umevaa koti lake na kofia yake. Ulikuwa unakuja kumwagilia. Ile siku ya jua ulirudi jioni ukaviingiza vikopo ndani."

Sikumbuki. Mpaka leo sikumbuki hata kimoja.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikusalimia. Ukanipita kama hunioni. Nikaona aibu, nikasema ni msiba, utapita."

"Mara ngapi?"

"Kila wiki. Tangu Aprili."

Ile sumu ilinitoka kwa siku nne. Kilichoniuma zaidi ni kwamba Ottmar hakuwahi kuja. Aliyekuwa anatembea kwenye kile kibanda ni mimi, najitafutia msamaha kwa mikono yangu, nusura nijiue.

Funzo langu ni dogo. Zukini ikiwa chungu, tema, hata kama kaipanda unayempenda.

Na ukimsalimia mfiwa akakupita kama hakuoni, usione aibu. Mfuate, mshike mkono, muulize anakwenda wapi.