Mgomba wa Baba Huko Pasua

Mwaka wa pili chuoni tulitolewa hosteli ili wanafunzi wapya wapate vitanda, na tukaambiwa kwa upole kwamba Moshi ina nyumba nyingi. Nyumbani Mwika habari hiyo haikumshtua mtu. Mama alisema si yupo shangazi yako Kiboriloni, akaendelea kumenya ndizi.

Shangazi ni mtu mwema, nisimsingizie. Ila ana ng'ombe wa maziwa bandani, na ng'ombe hawajui mtihani ni nini. Kila mtoto wa ukoo aliyewahi kukaa kwake alitoka pale akiwa bingwa wa kukata majani na anajua tenzi zote za sala ya jioni, ubeti wa mwisho ukiwemo. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja na sijawahi kulala chumba ambacho ufunguo wake ninao mimi peke yangu. Nilikitaka chumba hicho kuliko nilivyoitaka digrii yenyewe. Nilitaka kuunguza wali wangu mwenyewe na asiwepo wa kunisimulia jinsi nilivyouunguza.

Nilimwambia baba. Alimaliza kwanza kuchuma mti mzima wa kahawa, halafu akasema nitafute, nikipata atakuja kupaona. Pakimkera, naenda kwa shangazi, na mjadala umefungwa.

Basi mimi na rafiki yangu wa darasani tukaanza kuutembea mji. Longuo ni karibu na chuo, unaweza kuamka kipindi kimeanza na bado ukawahi, lakini kila ukuta una wanafunzi wawili na spika tatu. Rau ilinipendeza mpaka nikaanza kuona aibu, kwa jinsi ilivyofanana na kwetu: kivuli, maji ya mfereji, migomba. Tatizo likawa watu. Kabla sijafika kwenye nyumba tuliyoelekezwa nilikuwa nimeshatoa shikamoo kwa wanakwaya wawili wanaomfahamu mama, na wote walitaka kujua natafuta nini huku na yule niliye naye ni nani. Nikaona kukaa Rau ni sawa na kukaa Mwika, tofauti ni nauli. Shanty Town, ambako licha ya jina hukaa matajiri, tulipita tu kuangalia mageti, maana kutazama hakulipiwi.

Mwisho tukashuka Pasua. Chumba kilikuwa kimoja, cha uani, kina dirisha kubwa na mlango wa bati uliopakwa rangi ya bluu. Mwenye nyumba alikuwa mama mjane wa upande wa Machame, anauza vitambaa kwenye minada, na ule wa Kwa Sadala haukosi. Aliniuliza kama nina kelele. Nikasema sina. Akasema yeye anazo, lakini nyumba ni yake. Nilimpenda papo hapo.

Ugumu ulikuwa kumwambia baba neno Pasua. Kwa wazee wa mlimani, kule chini barabarani ni porini. Ndiko babu zao walikoshuka kulima mahindi na maharage, wakachomwa na jua, wakang'atwa na mbu, jioni wakapanda kurudi kwa watu. Kwamba siku hizi kule kuna shule, makanisa, misikiti na maghorofa ni jambo ambalo baba analiona kwa macho lakini hajalikubali. Aliniuliza kwenye simu, taratibu, kama nina hakika nimeelewa nilichosema. Mtu hawezi kulala shambani, alisema.

Alikuja hata hivyo, siku ya mnada, mwenye nyumba akiwa hayupo. Alikuwa na mkungu wa ndizi, dumu la maziwa, na kitu kirefu kilichofungwa kwenye gunia. Alikagua chumba kama anayekagua ng'ombe wa kununua. Akagonga ukuta, akanusa hewa, akatoka uani akachukua udongo akausugua kiganjani. Halafu akauliza mbona hakuna hata mgomba mmoja. Nikasema hapa ni mjini, baba. Alifungua gunia, ndani mlikuwa na chipukizi la mgomba kutoka nyumbani, akaazima jembe kwa jirani, akalipanda mbele ya dirisha langu na kulimwagilia. Alisema mtoto wake hawezi kuamka asubuhi akatazama mchanga. Nilifurahi sana. Nilijua maana yake ni kwamba amekubali.

Kumbe tulikuwa tumeharibu, na sisi ndio watu wa mwisho duniani tuliopaswa kuharibu hivyo. Kwetu mgomba haupandwi ovyo. Mgeni unaweza kumpa kipande alime maharage, maana maharage huvunwa yakaisha. Akipanda mgomba au kahawa, huyo hana mpango wa kuondoka, na kesho wanawe watakuonyesha shina kama watu wengine wanavyoonyesha hati. Kihamba cha mtu, yaani shamba lake la ukoo, hakiguswi. Baba anaijua sheria hiyo kuliko jina lake, amewahi kugombana na jirani miaka mingi kwa ajili ya mgomba mmoja uliovuka mpaka. Lakini kwake Pasua ilikuwa porini, na porini hakuna kihamba cha mtu.

Mwenye nyumba alirudi na mabunda yake kichwani, akasimama uani. Machame na Mwika hatuelewani Kichagga, ila mgomba tunausoma sawasawa. Aliuliza nani kaupanda. Nikasema baba. Aliung'oa kwa mikono yake, akaulaza mlangoni kwangu na mizizi yake yote.

"Mimi nimefiwa na mume, sijafiwa na akili," alisema. "Jumamosi utafute kwingine, mwanangu. Wewe sina ugomvi na wewe. Huyo baba yako ndiye kaja kuhamia."

Nilieleza, nikaapa, nikaomba. Akasema watoto wazuri ndio wanaotangulizwa. Usiku nikampigia baba. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema "Haya," akakata. Asubuhi shangazi alikuwa ameshapata habari, sijui kwa mdomo wa nani, akanipigia kwa furaha kwamba kitanda kimeshatandikwa na kuna panga jipya la majani. Nililia. Nilipanga nguo kwenye begi huku nalia kama mtoto wa chekechea, nikaufunga na ufunguo kwenye leso ili nisisahau kuurudisha.

Jumamosi baba akaja. Nilidhani amekuja kubeba begi. Alinipita, akaenda moja kwa moja mlangoni kwa mwenye nyumba, akavua kofia. Mkononi alikuwa na jani la isale, refu, la kijani, limefungwa fundo katikati. Kwa Wachagga wote, wa Machame na wa kwetu, anayekuletea isale amekuja kuomba radhi, na ukimkataa kosa linahamia kwako. Sijawahi kumwona baba akilibeba. Kwa yule jirani wa mpakani alikataa kulipeleka mpaka jirani akazeeka.

"Mama, nimekosa," alisema kwa Kiswahili. "Nilipanda kwenye kihamba cha mtu. Mtoto hana kosa, naomba umwache akae."

Yule mama alilitazama jani, akamtazama baba kutoka viatuni kwenda juu. Akalipokea kwa mikono miwili. Akasema karibu ndani unywe chai, na safari nyingine ulete ndizi zilizokwisha kuiva.

Nilimsindikiza baba kituoni nikiwa bado siamini. Nilimwambia kwamba kama angenyamaza tu nyumbani kwake, leo ningekuwa kwa shangazi, na yeye Pasua hakuipenda tangu mwanzo.

"Siipendi hata sasa," alisema. "Ila umeitafuta mwenyewe. Sitaki urudi kwetu kwa sababu mimi nimekufungia njia."

Akapanda gari akakaa dirishani, akageuka upande wa pili, na mimi nikamwacha ajifanye ameona kitu huko.