Wanawake Saba Waliokuja Kumhani Zoya

Harufu ya kabichi iliyochachushwa ilinikamata mlangoni. Mwanangu alikuwa amenipitisha kwenye duka la Warusi huko Roseville tutafute samaki waliokaushwa, maana samaki wa huku Marekani wanauzwa bila vichwa, huwezi hata kujua walikuwa wema au wabaya, lakini hayo tuyaache. Nilivuta tena ile harufu. Nilikuwa tena Singida, msichana wa darasa la tatu, darasa ambalo sikulivuka, nimekaa kwenye ngazi ya jikoni kwa Zoya.

Zoya alikuwa mke wa daktari Mrusi wa hospitali yetu, na mama yangu alikuwa akimfulia. Kwao alikuwa mcheza sinema, jambo ambalo sisi hatukujua maana yake. Tuliona tu mwanamke mrefu anayesimama nyuma ya nyumba kila asubuhi akisema na kamba ya nguo. Anashusha sauti, anapandisha, anapiga goti, anainuka akicheka, kisha anaanza tena upya. Mama alisema anasali, nisimkodolee macho. Nilimkodolea. Unamtazama ni bibi kizee. Ukiinama kupenga kamasi, ukiinua kichwa ni binti. Kumbe alikuwa akijifunza maneno ya sinema mpya. Alingoja barua kutoka kwao imwambie kama amechaguliwa, na kiangazi kizima mama alipitia posta kabla ya kuja kufua. Zoya alimsubiri getini akimtazama mikono, siyo uso.

Barua ilifika Ijumaa. Aliisoma kasimama, akaikunja ikawa ndogo, akaingia ndani.

Kesho yake mchana daktari akaonyesha sinema kwenye bwalo la hospitali, madirisha yamefunikwa mablanketi. Ilikuwa ya zamani ya mkewe, naye alikwisha kuitangaza kabla ya barua. Mama hakuwa ameona sinema maishani. Alijua picha za studio pale sokoni, na studio hupigwi picha ya jambo ambalo halikuwa. Basi akamwona Zoya ukutani, mkubwa kuliko mlango, anaanguka, wanamzika. Akageuka, Zoya huyu hapa kwenye benchi, mzima, machozi yanamtiririka. Mama akapiga hesabu yake: yule ni pacha wake, amekufa, na barua ya jana ndiyo iliyoleta habari.

Jumapili asubuhi wakaja wanawake saba, mama mbele, khanga viunoni, na unga wa mtama, kuni na kuku mmoja mwembamba. Wakatandika mikeka barazani wakaketi. Daktari, aliyejua Kiswahili cha kuuliza wagonjwa wanaumwa wapi, alipoelewa akacheka, akaanza kueleza kwamba hakuna aliyekufa. Zoya akamuuliza wanataka nini. Alipoambiwa hakucheka. Akavua viatu, akaja kukaa mkekani katikati yao, akamwambia mumewe maneno marefu, na mume kicheko kikamwishia.

"Hakuna pacha," akasema daktari. "Barua imesema hapana. Wamemchukua msichana mdogo. Anasema kazi yake imekwisha."

Mama akainamisha kichwa kwa aibu. Nilidhani tutabeba kuku wetu twende zetu. Lakini Mama Hadija, muuza vitumbua mwenye mdomo kuliko wote mtaani, hakunyanyuka.

"Basi huo nao ni msiba," akasema. "Kaeni. Mwenzetu kafiwa na kazi."

Wakakaa. Baadaye Zoya akainuka, akafuta uso kwa upindo wa khanga ya mama, akatuchezea ile sehemu aliyonyimwa, yote, pale barazani. Hakuna aliyeelewa neno hata moja. Alipopiga goti, Mama Hadija alishika kifua kama aliyechomwa. Mimi nilikuwa nimebanwa na haja ndogo tangu mwanzo, nikasahau. Alipomaliza hata kuku alinyamaza. Hapana, hapo naongeza, kuku alikuwa chunguni tayari.

Daktari na mkewe waliondoka kurudi kwao mvua zilipoanza. Zoya alimwachia mama picha yenye jina lake nyuma kwa herufi zao, nami nimekuja nayo hadi hapa Eagan. Siku ile ya dukani nilimpa mjukuu wangu Neema, akaielekezea simu, simu ikasoma. Akanionyesha orodha ya sinema za Zoya, tisa. Neema ananielewa Kiswahili ila hunijibu kwa Kiingereza, nami niliokota niliyoyaweza: ya tisa aliicheza kabla hajaja kwetu, na baada ya hapo hakuna. Nikamwambia aongeze ya kumi, ile ya barazani. Akauliza video yake iko wapi.

Sina. Huku wajukuu zangu hupiga video hata wakila chapati, wala hawazitazami tena. Siku ile hapakuwa na kamera. Palikuwa na macho ya wanawake saba, na yangu. Wale saba wote wamekwisha kuzikwa. Nimebaki mimi na magoti yangu mabovu, na ninasema: nilimwona, na alikuwa hajaisha.