Neno Nililoiachia Chemchemi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mkono wangu wa kulia ulikataa kukunja vidole. Haukuvunjika wala haukuvimba. Ndoo ilikuwa inaniponyoka, na shuleni kalamu haikushikika. Mganga wa zahanati aliupindapinda asione kitu. Mama, aliyetoka Singida kuja kuchuma kahawa kwenye shamba kubwa pale Karatu, alishaanza kufunga mizigo turudi kwao. Kwake yeye tulikuwa tumelogwa, na mtoto mmoja alishamzika.

Huyo alikuwa mdogo wangu Yohana, wa miezi mitano. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni kutwa, wenzangu wakicheza.

Jirani yetu Bibi Paskalina, Mwiraqw wa palepale, alimwambia mama asiwe na haraka. Chemchemi ina mwenyewe, alisema, naye humshika mkono mtu anayeteka maji huku ameficha neno. Dawa yake ni kulisema hilo neno palepale majini. Akanipeleka mchana, ameshika majani mabichi ya kuombea amani. Tukachuchumaa, nikatumbukiza mkono kwenye maji ya baridi.

"Haya, yaambie, mjukuu wangu."

"Bibi, utanisikia."

Akagusa sikio lake la kushoto. "Hili lilikufa zamani. Sema tu."

Nikasema. Kwamba nilimwambia Yohana afe ili na mimi nikacheze, na wiki hiyohiyo akafa. Nililia mpaka kwikwi ikanishika. Bibi alikuwa anatazama maji tu.

Njiani akasema, kama anayejisemea: "Baridi ya huku inaua watoto kwa kichomi. Wangu wawili walikwenda hivyohivyo, na nilikuwa nawapenda."

Tulipofika nyumbani, mama alitazama ndoo ya maji, akatazama mkono wangu wa kulia ulioishika, akakaa chini pale mlangoni. Mizigo ilifunguliwa.

Leo mimi ni muuguzi wa wagonjwa wa akili. Darasani tulifundishwa kwamba jambo tulilolizika moyoni, hata tukalisahau, laweza kusemea kwenye kiungo cha mwili. Wenzangu walibisha sana. Mimi niliutazama mkono wangu unavyoandika.

Kwa miaka mingi niliamini siri yangu inajulikana na maji peke yake. Siku hiyo darasani ndipo nilipokumbuka vizuri jinsi tulivyochuchumaa: sikio lake zima ndilo lililokuwa upande wangu. Bibi Paskalina alisikia kila neno, na jioni ileile akaniletea kikombe cha maziwa. Namshukuru mpaka kesho.